I kubwa, L ndogo na moja: fonti ya kuchapia nywila na nambari

Swali: Assalamu alaykum. Nina duka la huduma za kompyuta hapa Chake Chake. Wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba vyuo na mikopo, pamoja na wazee wanaotaka kujaziwa fomu za mtandaoni. Nikishamfungulia mtu akaunti humchapia kikaratasi chenye jina la kuingilia na nywila ya kuanzia, kwa Arial saizi ya 10, kwa sababu naiona safi. Mara nyingi mtu hurudi akasema nywila inakataa, na tukitazama pamoja huonekana ameandika moja mahali pa L ndogo, au O mahali pa sifuri. Je, iko fonti ambayo herufi hizi hazichanganyiki, isiyo na malipo, na inayofaa pia kwa barua na kazi za kawaida?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua una watu wanaosubiri. Fonti unayoitafuta ipo, na pengine imo tayari ndani ya kompyuta yako: ikiwa unatumia Windows, fungua orodha ya fonti katika Word, tafuta Consolas, na uichapie kila kitu kinachosomwa herufi moja moja, yaani nywila, jina la kuingilia, nambari ya kumbukumbu ya malipo, nambari ya mtihani na nambari ya pasipoti. Ukitaka fonti moja itakayobeba nambari na maandishi ya kawaida kwa pamoja, pakua Atkinson Hyperlegible, ambayo haina malipo. Arial ibakie kwa matangazo ya ukutani. Yanayofuata ni sababu zake na hadhari kadhaa, kwa kuwa kubadilisha fonti peke yake kutakupunguzia malalamiko lakini hakutayamaliza. Nitazitaja herufi kwa maneno, “I kubwa” na “L ndogo”, kwa sababu sijui unanisoma kwa fonti gani, na huenda hiyo nayo ina ugonjwa huo huo.

Wateja wako hawakosei kwa kutojua kusoma. Msomaji mzoefu hasomi herufi moja moja. Hulichukua neno zima, na pale herufi moja inapokuwa na shaka, jirani zake humtolea ushahidi. Chukua jina la Ilham. Kwa Arial, I kubwa ya mwanzo na L ndogo inayoifuata ni vijiti viwili vya urefu mmoja vilivyosimama sambamba, na unene wake hauachani ila kwa kiasi ambacho jicho halikishiki. Hata hivyo hakuna mtu wa Pemba atakayelisoma jina hilo vingine, kwa sababu analijua. Nywila haijulikani na mtu, wala herufi zake hazina ujirani wowote. Kijiti kilichosimama katikati yake kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu vitatu, na msomaji hana pa kuuliza. Kompyuta kwa upande wake haitazami umbo hata kidogo. Kwayo I kubwa ni nambari 73, L ndogo ni 108 na tarakimu moja ni 49. O kubwa ni 79 na sifuri ni 48. Mteja ameandika kitu kinachofanana kabisa na ulichomchapia, nayo mashine imekataa kitu kilicho mbali kabisa na ilichohifadhi, na kila upande una haki yake.

Aliyekaa chuo cha Kurani utotoni analijua jambo hili: be, te na the za Kiarabu ni umbo moja, nukta ndiyo inayozitenga, na nukta ikifutika herufi nayo imepotea. Arial haikuweka nukta yoyote baina ya I kubwa na L ndogo. Ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, ikapewa vipimo vya upana vilivyo sawa na vya Helvetica, fonti ya Uswisi ya mwaka 1957, na fonti za ukoo huo zilikusudia usawa: kila herufi ipunguziwe mapambo mpaka ukurasa mzima uonekane wa mkono mmoja uliotulia. Usafi unaokuvutia katika Arial na mkanganyiko unaokurudishia wateja vimetoka katika uamuzi mmoja, kwa hiyo usitarajie toleo jipya litakalokuachia cha kwanza na kukuondolea cha pili.

Kwa wazee waliojifunza kuchapa kwa taipureta kuna jambo la ziada. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha tarakimu moja, na mchapaji alifundishwa kutumia L ndogo badala yake. Baadhi hazikuwa hata na sifuri, ikatumika O kubwa, na karatasi haikulalamika. Mtu wa aina hiyo akikaa mbele ya fomu ya mtandaoni akaandika mwaka wake wa kuzaliwa kwa L ndogo, fomu itamkatalia naye ataapa kuwa ameandika sawasawa. Usibishane naye, mwoneshe kitufe.

Baada ya kundi hilo la vijiti na kundi la O na sifuri, ambamo Q na D nazo huingia pale mchapo unapofifia, liko kundi la tatu ambalo watu hulisahau: B na 8, S na 5, Z na 2, G na 6. Kwa kazi zako kundi hili ni zito kuliko unavyodhani. Nambari ya mtihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania huanza na S kwa mtahiniwa wa skuli, au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha tarakimu nne za kituo, mkwaju (/), na tarakimu nne za mtahiniwa; maana yake kijana anakuletea fotokopi iliyofifia ambayo mwanzo wake unaweza kusomeka kama 50 au SO. Hapo mpangilio ndio unaokuokoa, kwa sababu ukijua kwamba baada ya herufi ya kwanza hakuna herufi nyengine, swali la O halipo tena. Nambari za magari yetu ya Zanzibar nazo huanza na Z, na anayejaza fomu ya bima kutoka kwenye picha ya simu akumbuke hilo. Tokeni ya TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, ni tarakimu 20 tupu, kwa hiyo haina O wala I, lakini tarakimu zenyewe kwa zenyewe huchanganyika: 3, 6, 8 na 9 zikiwa na matumbo yaliyofumba hugeuka kitu kimoja wino ukizidi, na 1 isiyo na kitako hukaribia 7.

Kundi la mwisho ni la herufi mbili zinazojifanya moja: r na n zikisongamana huwa m, c na l huwa d. Maneno ya Kiswahili hayana mfuatano wa namna hiyo mara nyingi, ndiyo maana hatuuogopi, lakini ukijaza fomu ya mgeni anayeitwa Bernard ukaandika Bemard, pasipoti na tiketi hazitakubaliana.

Kwa hiyo unapoichunguza fonti, usiitazame jinsi inavyopendeza katika sentensi. Fungua ukurasa mtupu, andika I kubwa, L ndogo na 1 zikifuatana, kisha O kubwa, o ndogo na 0, kisha B8, S5, Z2, G6, kisha rn kando ya m na cl kando ya d. Unatafuta I kubwa yenye vibao, yaani vijistari vya kulala, juu na chini, L ndogo yenye mkia au kitako, 1 yenye mdomo juu na kitako chini, sifuri yenye alama ndani yake, 6 na 9 zenye mikono iliyofunguka, 2 yenye shingo ya mviringo kando ya Z yenye pembe kali. Chapa mstari huo kwa saizi ile ile unayoitumia dukani na kwa printa ile ile, ikiwezekana siku ambayo toneri inakaribia kwisha, halafu ukitie kikaratasi katika mashine ya fotokopi na uisome nakala ya nakala. Mteja wako hasomi kwenye kioo chako. Anasoma kikaratasi kilichokunjwa mfukoni, jioni, kwa taa ya simu. Fonti iliyopita kwenye kioo ikaanguka kwenye nakala ya nakala haikufai.

Sasa tuzitazame zile ambazo bila shaka unazo. Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Office tangu toleo la 2007 hadi mwaka 2023, inaifanya L ndogo kuwa ndefu kidogo kuliko I kubwa, na kidogo hicho ndicho tofauti yote iliyopo; kwa saizi ya 10 kwenye kioo cha kawaida hakionekani. Aptos iliyoshika nafasi yake imeipa L ndogo mkia, na kwa hilo peke yake imeishinda. Times New Roman ina vibao kwenye I kubwa, jambo jema, lakini L ndogo na 1 zake zinakaribiana mno. Courier New huwadanganya wengi: wanaiona ina sura ya mashine, wanaiamini kwa nambari, ilhali imerithi hali ya taipureta, 1 na L ndogo zake ni pacha, sifuri yake haina alama, na mistari yake ni myembamba kiasi kwamba fotokopi ya kwanza tu huila.

Verdana ni habari nyengine. Ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft ikatoka mwaka 1996, wakati vioo vilikuwa vya nukta kubwa, na mchoraji aliianza kazi kutoka kwenye nukta za kioo badala ya kuanza na karatasi. I kubwa ina vibao, 1 ina kitako, L ndogo ni kijiti kitupu, kwa hiyo vitatu hivyo havifanani. Nafasi baina ya herufi ni pana, r na n haziungani. Upungufu wake ni sifuri, ambayo ni nyembamba kuliko O lakini haina alama. Kwa mwenye kompyuta ya zamani isiyo na intaneti, Verdana saizi ya 12 ni chaguo ambalo sioni haya kulipendekeza. Tahoma ni ndugu yake aliyebanwa, nayo ina vibao vile vile kwenye I kubwa.

Consolas ilikuja na Windows Vista mwaka 2007, na aliyeichora ni Lucas de Groot, yule yule aliyechora Calibri, jambo linalokuonesha kwamba mchoraji hodari hutoa kilichoagizwa: moja iliagizwa kwa barua, nyengine kwa watu wanaoandika programu, ambao kosa la herufi moja huwaangushia kazi nzima. Kila herufi ndani yake imepewa upana mmoja, I kubwa ina vibao, na sifuri imepigwa mstari wa mshazari ndani. Nakutanabahisha jambo moja: L ndogo na 1 za Consolas zote zina kitako, na kinachozitenga ni kichwa, kwani kibao cha L ndogo kimelala na mdomo wa 1 umeinama. Kwa saizi ya 10 hilo linataka jicho zima. Kwa saizi ya 14 halina shida.

Hapo ndipo Atkinson Hyperlegible inapopata daraja. Ilitolewa mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani, taasisi ya kuwahudumia wasioona na wenye uoni hafifu, ikapewa jina la mwanzilishi wake J. Robert Atkinson. Wachoraji wake waliacha makusudi usawa ule ninaousema. Wakaitazama kila jozi ya herufi zinazogombana na kuzitenganisha hata kama ukurasa utapoteza utulivu wake kidogo. L ndogo ina mkia uliopinda, I kubwa ina vibao, sifuri ina mstari. Mwaka 2025 ilitoka familia mpya yenye viwango vingi zaidi vya unene kuliko ile ya kwanza, pamoja na ndugu yake wa upana mmoja aitwaye Atkinson Hyperlegible Mono, ambaye kwa vikaratasi vyako ndiye ningemchagua kuliko wote. Vyote vinapatikana katika maktaba ya Google Fonts kwa leseni huria, kwa hiyo kuvitumia katika biashara hakukuingizi katika deni wala kosa. Wanaopenda kujua nani mwengine anayeumizwa kichwa na jambo hili wasisahau marubani: Airbus ilichoresha fonti yake kwa ajili ya skrini za chumba cha rubani, B612, nayo pia leo ni huria.

Sifuri yenye mstari inahitaji maneno machache, kwa sababu dawa hii ina madhara yake. La kwanza, ikichapwa ndogo na wino ukatapakaa, tundu zake mbili hufanana na matundu ya 8, ukawa umeondoa mkanganyiko mmoja na kuleta mwengine; ndiyo sababu nasema kwa vikaratasi saizi isipungue 12, na 14 ni bora. La pili, mtu ambaye hajawahi kuiona hudhani umeikata, au hudhani ni herufi ngeni na kuanza kuitafuta kwenye kibodi. Andika chini ya kikaratasi, kwa maneno, “sifuri imepigwa mstari ndani”, na shida hiyo itakwisha. La tatu linawahusu zaidi wenzako wa nyumba za wageni kule Unguja: Wanorwe na Wadenmark wanayo herufi Ø katika majina yao, na mgeni wa huko akioneshwa nywila ya Wi-Fi yenye sifuri iliyokatwa ana sababu halali ya kubofya herufi ya kwao. Kwa ajili hiyo baadhi ya fonti huweka nukta katikati ya sifuri badala ya mstari, kama Source Code Pro na IBM Plex Mono, na kwa kadi za wageni nazipendelea hizo.

Nimetaja pasipoti, na kwa kuwa unajaza fomu zake, kuna kitu ndani yake chenye faida kwako. Mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, yenye alama 44 kila mmoja, huchapwa kwa OCR-B, fonti aliyoichora Adrian Frutiger ikatoka mwaka 1968 ili isomwe na mashine na binadamu kwa pamoja. Unapokuwa na shaka na nambari iliyo juu, linganisha na ile ya mstari wa chini, kwani hapo O na sifuri hazina sura moja. Zaidi ya hapo, baada ya nambari ya pasipoti inafuata tarakimu moja ya kuhakiki: kila alama hupewa thamani, tarakimu kwa thamani yake na herufi kuanzia A kuwa 10 hadi Z kuwa 35, zikazidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa kupokezana, zikajumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla ndiyo inayoandikwa. Programu ya kupokea ikifanya hesabu hiyo, itakamata O iliyoandikwa mahali pa sifuri, I mahali pa 1, S mahali pa 5, B mahali pa 8 na Z mahali pa 2. Haitakamata G mahali pa 6. G ina thamani ya 16, tofauti yake na 6 ni 10 kamili, na 10 ukiizidisha kwa 7, kwa 3 au kwa 1 haibadilishi tarakimu ya mwisho. Kwa hiyo katika jozi hiyo moja mashine haina msaada, na macho yako na fonti yako ndiyo walinzi pekee. Ukiipima fonti, ianze kwa G na 6.

Kuhusu nafasi, wengi hukata nambari ndefu katika mafungu ya nne nne, na kwa tokeni ya umeme ni utaratibu mzuri. Kwa nywila usifanye hivyo, kwa sababu mteja ataiandika ile nafasi tupu kana kwamba ni sehemu ya nywila, na akaunti itamkatalia tena. Badala yake ingia katika mipangilio ya fonti ndani ya Word, kwenye ukurasa wa nafasi baina ya herufi, upanue kwa pointi moja au mbili. Herufi zitaachana bila ya alama yoyote kuongezeka. Na ikiwa una printa ndogo ya risiti, fahamu kwamba nyingi huwa na fonti mbili za ndani, moja ikiwa na nukta 12 kwa 24 kwa kila herufi na nyengine 9 kwa 17. Hiyo ya pili huokoa karatasi, nayo ndiyo inayofumba matumbo ya 6 na 8.

Lililo bora kuliko yote haya, hata hivyo, ni kuziondoa herufi zenye shaka kabla hazijafika kwenye printa. Waliopanga nambari ya utambulisho wa gari, ile yenye alama 17, walipiga marufuku I, O na Q moja kwa moja; waliopanga anwani za Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, waliondoa sifuri, O kubwa, I kubwa na L ndogo. Wewe nawe, pale nywila ya kuanzia inapotungwa na wewe, usizitumie hizo nne. Utabakiwa na alama 58 kati ya 62 za herufi na tarakimu, na ukiurefusha mfuatano kwa alama moja tu utakuwa umelipa zaidi ya ulichopoteza katika ugumu wa kukisia. Mteja mwenyewe aibadilishe mara tu anapoingia, maana kikaratasi chenye jina la kuingilia na nywila kwa pamoja si kitu cha kuachwa kikizagaa.

Kuna alama nyengine ambayo sisi watumiaji wa Kiswahili tunaumizwa nayo kuliko wengine, nayo ni kile kikoma cha juu katika ng'. Mkaazi wa Ng'ambo, mjini Unguja, akijaziwa anwani yake kwa kunakili kutoka Word, aghalabu Word imekwisha kukipinda kikoma kile kwa hiari yake. Kilichonyooka ni nambari 39, kilichopinda ni 8217, na mfumo ukitafuta jina lenye kimoja hautaliona lile lenye cha pili. Fonti nyingi nyembamba huvionesha vikoma hivyo kama mkwaruzo mmoja. Zima ule urekebishaji wa moja kwa moja wa alama za nukuu katika Word, na katika fomu za mtandaoni kiandike kikoma kwa kibodi badala ya kukinakili.

Ukiituma kazi nje ya duka, fonti yako haiendi nayo ila kwa kutaka. Waraka wa Word ukifunguliwa katika kompyuta isiyo na Atkinson utavalishwa fonti nyengine kimya kimya, pengine Arial yenyewe. Katika mipangilio ya kuhifadhi ya Word kuna sehemu ya kuzifungasha fonti ndani ya faili. Excel haina nafasi hiyo, kwa hiyo jedwali la nambari lipeleke likiwa PDF. Kwa njia ya WhatsApp, ukizungushia nambari alama tatu za ` mbele na tatu nyuma, itaoneshwa kwa fonti ya upana mmoja, ambayo husaidia kwa I na L lakini usiitegemee kwa sifuri. Mwenye simu ya kisasa asipewe hata kazi ya kusoma: mtumie nywila peke yake katika ujumbe mmoja, ainakili na kuibandika.

Wala usiitegemee fonti yoyote kukuonesha anwani ya tovuti ya kitapeli. Ikiwa tapeli ametumia 1 mahali pa L, au rn mahali pa m, fonti nzuri itamfichua. Lakini herufi a ya Kirusi na a yetu huchorwa kwa umbo moja katika takriban fonti zote, na kwa kompyuta ni vitu viwili mbali mbali. Hapo dawa ni kuiandika anwani mwenyewe.

Umeuliza pia kuhusu barua na kazi za kawaida. Atkinson inazifaa, ingawa ukurasa wake una sura ya utu uzima kidogo kuliko ya Arial, na kwa maoni yangu hilo si ubaya. Kwa barua ya ofisi iliyoagiza Times New Roman saizi ya 12, fuata ilivyoagizwa, na nambari ya kumbukumbu iliyomo ndani yake uichague peke yake na kuigeuza Consolas saizi ya 11. Itaingia katika mstari bila ya kuusukuma, na karani atakayeinakili upande wa pili hatahitaji kukupigia simu kuuliza kama ile ni O au sifuri.